Waliopigwa risasi kabla ya kujibu

Mhariri, swali lenu la wiki linauliza kama mapinduzi yanayouondoa ufalme yana haki ya kuwaua watu wa utawala uliopita bila kuwafikisha mahakamani. Mimi ni mwalimu wa historia hapa Iringa, na jibu langu ni hapana. Sababu yangu kubwa, hata hivyo, si huruma kwa mawaziri na majenerali. Ni haki ya wanyonge waliodhulumiwa na watu hao. Mfano wangu ni Ethiopia ya mwaka 1974.

Hasira ya Waethiopia ilikuwa ya halali, na sitaki kuipunguza hata kidogo. Njaa ya mwaka 1973 katika jimbo la Wollo iliua makumi ya maelfu ya wakulima na watoto wao, huku serikali mjini Addis Ababa ikijua na kunyamaza. Jioni ya tarehe 11 Septemba 1974 televisheni ya nchi hiyo ilionyesha picha za wafa njaa zikipishana na picha za karamu za ikulu, na kesho yake Mfalme Haile Selassie akaondolewa madarakani, akatolewa ikulu na kupakiwa katika gari dogo aina ya Volkswagen. Kamati ya wanajeshi iliyoshika hatamu, iliyojulikana kwa jina la Derg, ilijivunia kauli ya kuitanguliza Ethiopia bila kumwaga damu.

Jambo ambalo mara nyingi husahauliwa ni kwamba njia ya sheria ilikuwepo tayari. Mwaka huohuo iliundwa tume ya uchunguzi, ambayo kazi yake ilikuwa kuwahoji viongozi wa zamani, pamoja na mengine, kuhusu njaa ya Wollo: nani alipata taarifa, alizipata lini, na alizifanyia nini. Aklilu Habte-Wold, aliyekuwa waziri mkuu tangu mwaka 1961 hadi Februari 1974, aliandika maelezo yake kwa tume hiyo akiwa kizuizini. Mwezi wa Novemba Derg yenyewe ilitangaza sheria ya kuunda mahakama maalumu za kijeshi.

Mahakama hizo hazikungojewa. Wajumbe wa Derg walikaa kikao wakapiga kura juu ya uhai wa mahabusu wao, na usiku wa Jumamosi, tarehe 23 Novemba 1974, watu wapatao 60 wakapigwa risasi katika gereza kuu la Addis Ababa. Miongoni mwao walikuwemo Aklilu, mrithi wake Endalkachew Makonnen, na Iskinder Desta, mjukuu wa mfalme. Jenerali Aman Andom, mwenyekiti wa Derg aliyekuwa akipinga mauaji hayo, alishambuliwa nyumbani kwake siku hiyohiyo akafa.

Hapo ndipo ninapowaomba wasomaji wenzangu watulie na kutafakari kidogo. Mkulima wa Wollo aliyezika wanawe watatu alifaidika nini na risasi zile? Yule aliyepaswa kusimama mbele ya tume, aulizwe na kubanwa mpaka aseme, alikuwa amekwisha kuzikwa katika kaburi la pamoja. Anayemuua mtuhumiwa kabla hajajibu humwondolea aibu ya kujibu, na humnyima mdai wake ukweli ambao hakuna mwingine angeweza kuutoa. Kesi ya Wollo iliuawa usiku ule pamoja na washtakiwa wake.

Na mkono uliozoea kazi hiyo haukupumzika. Teferi Banti, aliyeshika uenyekiti baada ya Aman, aliuawa na wenzake Februari 1977. Atnafu Abate, makamu mwenyekiti, akafuata Novemba mwaka huohuo, wakati vijana wa mijini nao wakiuawa kwa maelfu katika kile kilichoitwa Ugaidi Mwekundu.

Mfalme mwenyewe alifariki Agosti 1975 akiwa mikononi mwao, na mifupa yake ikaja kufukuliwa mwaka 1992 chini ya sakafu ndani ya uzio wa ikulu, ikazikwa kwa heshima mwaka 2000 tu. Sisi wa Iringa hatuhitaji kuelezwa maana ya jambo hilo. Mtwa Mkwawa alijiua mwaka 1898 ili asikamatwe, Wajerumani wakachukua kichwa chake, na fuvu halikurudi Kalenga hadi mwaka 1954. Kila ninapowapeleka wanafunzi kulitazama, hawakosi kuniuliza kwa nini mshindi amwogope mtu aliyekwisha kufa.

Mjukuu wa Mkwawa, Chifu Adam Sapi Mkwawa, alikuwa chifu wa Wahehe wakati Tanganyika ilipofuta uchifu. Najua uchifu wa chini ya Waingereza haukuwa sawa na ufalme wa Ethiopia, wala hatukuwa na Wollo yetu. Hata hivyo, mabadiliko hayo yalipitia bungeni, na Adam Sapi alikuwa ndiye Spika. Wazee wa hapa bado huwaita kwa heshima watu wa ukoo huo, na hakuna aliyeona kwamba jamhuri imepungukiwa.

Mengistu Haile Mariam, aliyekuwa mtu mwenye nguvu kuliko wote katika Derg, alikimbilia Zimbabwe mwaka 1991. Kesi dhidi yake na wenzake ilianza mwaka 1994, hukumu ikatolewa Desemba 2006, na mauaji ya mfalme na viongozi wale yalikuwa sehemu ya mashtaka. Washtakiwa waliokuwepo kizimbani walisomewa mashtaka, wakapewa mawakili, wakaleta utetezi wao, na shauri lao likasikilizwa kwa miaka 12.