Jibu: Kwa nini Boris Johnson hakung'oka mapema?
Mkuu, umeuliza kwa nini Boris Johnson, aliyekuwa Waziri Mkuu wa Uingereza, hakuondolewa mara tu alipopigwa faini na polisi Aprili 2022 kwa kukiuka masharti ya korona, ilhali uchaguzi wa serikali za mitaa ulikuwa mlangoni.

Waziri Mkuu wa Uingereza hutolewa na wabunge wa chama chake. Kura ya kutokuwa na imani ilihitaji asilimia 15 ya wabunge wa Conservative, yaani 54, wapeleke barua kwa mwenyekiti wa Kamati ya 1922, yaani kamati ya wabunge wa chama hicho. Barua hizo ni za siri, kwa hiyo kila mmoja akamtegea mwenzake, na wengi wakaona heri wasubiri uchaguzi wa Mei 5 upite. Ukapita vibaya: hata halmashauri za Wandsworth na Westminster, ngome za Conservative jijini London, zilikwenda kwa Labour, chama cha upinzani wakati huo. Juni 6 akapigiwa kura, akapona kwa 211 dhidi ya 148.

Inaniuma hadi leo. Kuna watu walizuiwa kuwaaga wazazi wao hospitalini, halafu wabunge wakawa wanapiga hesabu za viti!

Kilichomwangusha Julai ni kashfa nyingine, pale Sajid Javid na Rishi Sunak walipojiuzulu uwaziri na wenzao wakafuata kwa makumi.