Jeraha la kisu shingoni: tundu dogo lisikudanganye

SWALI: Mimi ni tabibu katika kituo cha afya kisicho na daktari wa upasuaji. Akiletwa mtu aliyechomwa kisu shingoni, tundu dogo, naye anaongea vizuri, nimshone arudi nyumbani? Na damu ikigoma kukoma, nifanye nini huku gari la wagonjwa likisubiriwa?

JIBU: Usimruhusu kabla ya kulikagua jeraha. Panua kingo za jeraha kwa upole utazame platisma, ule msuli mwembamba ulio chini tu ya ngozi. Ukiwa mzima, jeraha ni la juujuu. Ukiwa umekatika, huyo ni wa rufaa, hata kama anacheka. Usichokonoe kwa kidole wala koleo. Utang'oa bonge la damu lililoziba mshipa. Kisu kilichobaki mwilini kiache hapohapo.

Njia ya hewa ndiyo ya kwanza. Sauti ikikwaruza, mapovu yakitoka jerahani au uvimbe ukikua, awekewe mpira wa kupumulia mapema na mwenye uzoefu kuliko wote. Uvimbe ukishasukuma koo upande mmoja, kazi hiyo huwa ngumu mno.

Damu ikimwagika, bana kwa vidole viwili juu ya chachi, palepale inapotoka. Bendeji ya kuzungusha shingo ni hatari, inakaba. Ikigoma, chukua katheta ya Foley namba 18, ileile ya mkojo. Ipitishe taratibu kwenye njia ya kisu, jaza puto kwa maji ya sindano ml 5, kisha ongeza kidogokidogo hadi damu ikome. Mara nyingi ml 10 hadi 15 zinatosha. Sasa bana mkia wa katheta kwa klampu. Hapa ndipo wengi husahau, damu ikaendelea kutoka kupitia mrija wenyewe. Shona ngozi kuizunguka ili puto lisichomoke.

Dripu iwe mkono wa upande usioumia. Mpe asidi ya traneksamiki, dawa ya kupunguza kuvuja damu, gramu 1 kwenye mshipa, polepole kwa dakika 10, ndani ya saa 3 tangu kuumia. Jeraha likiwa karibu na mtulinga, sikiliza mapafu tena na tena. Asile wala asinywe: umio uliotoboka unaweza kukaa kimya mwanzoni, kisha usaha ukajaa kifuani. Mrija wa tumbo kupitia puani usubiri, kwa sababu kichefuchefu na kikohozi huamsha damu.

Kwenye barua ya rufaa andika saa ya kuumia, ml zilizo ndani ya puto, na kwamba lisitolewe nje ya chumba cha upasuaji.