Mpinzani wa Kompyuta Anahitaji Kumbukumbu Kabla ya Werevu

Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikirekebisha faili za michezo ya kompyuta ya mkakati, hasa ya mfululizo wa Civilization, na lalamiko ninalolisikia zaidi kutoka kwa wachezaji wenzangu ni kwamba watawala wanaoendeshwa na kompyuta hawana akili: leo wanatia saini mkataba wa urafiki, kesho wanavuka mpaka na jeshi. Namshauri anayetaka kuwarekebisha asianzie kwenye akili. Usaliti ni sehemu ya utamu wa michezo hii, na kinachomkera mchezaji ni usaliti ambao hata akirudi nyuma zamu ishirini haoni ulitokana na nini.

Civilization IV, iliyotoka mwaka 2005, ingali mfano mzuri wa kujifunzia. Ukiweka kishale juu ya jina la mtawala, unaonyeshwa kila sababu ya upendo au chuki yake pamoja na alama zake: mnashiriki dini moja, mipaka yenu imebanana, umefanya biashara na adui yake. Toleo la tano lilipotoka mwaka 2010 lilificha sehemu kubwa ya sababu hizo, na watu wengi wakaamini kwamba watawala wanaamua kwa kurusha sarafu, mpaka masasisho ya baadaye yalipoanza kuziorodhesha. Kwa hiyo, kabla hujagusa hesabu yoyote, hakikisha mchezaji anaweza kuiona hesabu iliyopo. Hata tabia ya ukorofi inakubalika ikiwa inajulikana: katika toleo la nne, Montezuma anaweza kukupangia vita huku uhusiano wenu ukisomeka kuwa mzuri, ilhali Gandhi hafanyi hivyo, na wachezaji wazoefu huweka askari mpakani kwa kuzingatia tofauti hiyo. Vigezo vinavyoamua tabia hizo vimo katika faili ya CIV4LeaderHeadInfos.xml, ambayo hufunguka kwa programu yoyote ya kuandikia matini.

Baada ya hapo ndipo ishughulikiwe kumbukumbu, na hapa ndipo penye kazi kubwa. Mtawala anapaswa kukumbuka alilotendewa, lakini kila tendo lina kipimo chake cha kusahaulika, na kipimo hicho kitofautiane kulingana na aliyeumia na umbali alipo. Europa Universalis IV, ya mwaka 2013, inalifanya hili vizuri kuliko michezo mingi niliyoicheza. Ukiteka jimbo, majirani na wenye dini au utamaduni mmoja na uliyemteka hukasirika zaidi kuliko mataifa ya mbali. Hasira hiyo hupungua mwaka hadi mwaka, na ikifika alama 50 kwa nchi fulani, nchi hiyo inaweza kujiunga na muungano wa kukupinga. Mchezaji anajua kabisa kwamba akisubiri kidogo kabla ya kuteka jimbo la pili, ataepuka balaa. Hiyo tayari ni diplomasia, ingawa hakuna neno lililosemwa mezani.

Ili kujua kosa liko wapi, uamuzi wa kila mtawala uandikwe kwenye faili ya kumbukumbu (log, yaani rekodi ya kusomwa na mrekebishaji) ukiwa na sababu tatu zilizobeba uzito mkubwa zaidi. Katika jaribio mojawapo, mtawala aliyekuwa akinishinda vitani aliniomba amani ghafla na kunipa mji juu yake. Nilipoisoma faili nikakuta hesabu ya nguvu za kijeshi imejumlisha meli zangu zote za kivita, wakati miji yake yote ilikuwa bara, mbali na maji. Mtu akiangalia skrini angesema mtawala yule ni mwoga. Dawa ilikuwa kuhesabu tu majeshi yanayoweza kufika kwenye ardhi yake ndani ya zamu chache, na ombi lile la ajabu halikurudi tena.

Kuna wanaopendekeza kwamba kila mpinzani acheze ili ashinde, na kwamba wote wamgeuke anayekaribia ushindi. Sikubaliani nao. Soren Johnson, aliyeongoza usanifu wa Civilization IV, amewahi kueleza kwamba kazi ya mpinzani wa kompyuta ni kumburudisha mchezaji zaidi ya kumshinda, na katika diplomasia hoja hiyo ina nguvu ya pekee, kwani mchezaji akishajua kwamba rafiki wa karne tano atamgeuka katika zamu za mwisho, hana sababu ya kutafuta rafiki tangu mwanzo. Mimi humwachia mshirika wa muda mrefu awe wa mwisho kugeuka, na akigeuka atoe onyo kwanza, akitaja sababu iliyobeba uzito mkubwa katika hesabu yake badala ya sentensi ya vitisho iliyochaguliwa kwa bahati nasibu.

Biashara haihitaji maneno mengi. Mchezaji aonyeshwe pengo lililobaki kati ya anachotoa na kinachotakiwa, kama ilivyo katika Total War: Three Kingdoms ya mwaka 2019, ambapo namba huonyesha iwapo upande wa pili utakubali, na kule kuongeza dhahabu kidogo kidogo kwa kubahatisha kutakwisha. Ama vigezo vya ukali na tamaa ya vita, ambavyo ndivyo wengi hukimbilia kuvibadilisha, viacheni vilivyo hadi kompyuta iwe imejichezea yenyewe mchezo mzima mara kadhaa na faili ya kumbukumbu isionyeshe tena vita visivyo na sababu.