Hanbok: si kila mtu alivaa rangi

Umeuliza kama Wakorea wa zamani kweli walivaa hanbok, vazi lao la jadi, za rangi kali kama tunavyoona kwenye tamthilia. Wa ikulu na wenye nazo, ndiyo. Raia wa kawaida enzi ya Joseon (1392–1910) walivaa zaidi nguo nyeupe za katani au pamba isiyotiwa rangi. Rangi zilisubiri sikukuu na harusi. Siku ya harusi yake hata binti wa mkulima aliruhusiwa vazi la mtindo wa ikulu, kitu ambacho siku nyingine asingethubutu.

Tena mshono wenyewe umebadilika sana. Michoro ya makaburi ya Goguryeo, ufalme wa kale wa Korea, inaonyesha jeogori, yaani koti la juu, likifika nyongani na kufungwa mkanda. Kufikia karne ya 18 na 19 la wanawake lilikuwa limefupishwa hadi kifuani, na sketi yake, chima, ikapanda juu na kujaa. Kwa hiyo umbo tunaloliita "la asili" si la kale kihivyo.

Leo hanbok huvaliwa Chuseok (sikukuu ya mavuno), mwaka mpya, harusini, na mtoto akitimiza mwaka mmoja. Ukifika Seoul umeivaa, kasri la Gyeongbokgung unaingia bure. Ndiyo maana maduka ya kuikodisha yamejazana pale jirani.