Usingoje azae kwanza

Dada, umeuliza kama ni kweli paka jike lazima azae mara moja kabla ya kufungwa kizazi, maana kituo cha kulea paka wasio na wenyewe kimekataa kukupa yule uliyempenda mpaka apasuliwe. Si kweli, na kituo hakikuonei. Paka anaweza kushika mimba akiwa na miezi 4 au 5, wewe bado unamwona mtoto. Huibeba siku 63 hivi, na hushika nyingine angali ananyonyesha. Wakimtoa hivyo leo, mwaka hautaisha kabla hawajaletewa boksi zima la vitoto. Tena akifungwa mapema, hatari ya saratani ya matiti hupungua sana.

Wangu nilimchukua ana miezi 5, tumbo limenyolewa, mshono mfupi kuliko kidole changu cha mwisho. Kesho yake tu akaanza kulilia samaki! Kazi ni kumzuia asiulambe kwa siku 10 hadi 14. Mimi nilimvika soksi niliyoitoboa matundu manne ya miguu. Mshono ukivimba au kutoa usaha, mrudishe kwa daktari siku hiyohiyo.

Akijificha uvunguni siku za mwanzo, mwache. Msogezee maji na chakula, atatoka mwenyewe.