Nyumba ya marehemu, shamba la minazi na mlango wa nakshi: maswali ya mirathi kutoka Bagamoyo

Barua za safari hii karibu zote zimetoka Bagamoyo, na nyingi zinalia kilio kimoja: mwenye mali amekufa, jina lake bado liko kwenye karatasi, na ndugu hawasalimiani tena. Tumezifupisha na kuondoa majina ya waandishi.

Kaka ni msimamizi, sasa anasema nyumba ni yake

*Baba alifariki mwaka 2019 akaacha nyumba Magomeni. Tuko watoto watano. Tulimpendekeza kaka mkubwa, Mahakama ya Mwanzo ikamteua mwaka 2021. Tangu hapo hatujui kinachoendelea. Kodi za wapangaji anapokea yeye, na juzi kaja na dalali. Tukimuuliza anajibu kwamba mahakama imempa nyumba. Ni kweli?*

Si kweli. Barua ya usimamizi inampa kazi, haimpi nyumba. Kazi yenyewe ni kukusanya mali ya marehemu, kulipa madeni yake, kugawa kinachobaki kwa warithi, kisha kurudi mahakamani kueleza alivyofanya. Wengi huikimbia hiyo ya mwisho, na hapo ndipo pa kumshika.

Kanuni za mirathi za Mahakama za Mwanzo za mwaka 1971 zinamtaka msimamizi, ndani ya miezi minne tangu ateuliwe, apeleke Fomu Namba 5, yaani orodha kamili ya mali na madeni ya marehemu. Baada ya hapo, kwa vipindi ambavyo mahakama itapanga, anapeleka Fomu Namba 6 ya hesabu: fedha zilizoingia, zilizotoka, na nani amepewa nini. Kodi za wapangaji tangu baba afariki ni sehemu ya mirathi na lazima zionekane humo.

Nendeni masjala ya mahakama mkiwa na namba ya shauri, muombe kulisoma jalada na kupewa nakala. Tazameni kama Fomu Namba 5 imo. Ikiwa imo, tazameni nyumba imeandikwaje. Msimamizi mwenye nia njema huandika namba ya kiwanja, kitalu na mtaa. Mkikuta "nyumba moja" tu, au nyumba haimo kabisa, msisubiri. Andikeni barua kwa hakimu wa mahakama hiyohiyo mkiomba aitwe kutoa hesabu, na akikaidi ombeni uteuzi wake utenguliwe. Si lazima wote wanne mkubaliane, mrithi mmoja anatosha kuomba.

Siku hiyohiyo mmoja wenu ashughulikie upande wa ardhi. Kama kiwanja kina hati, ombeni upekuzi katika ofisi ya Msajili wa Hati ili mjue jina lililomo leo. Mkikuta la baba, wekeni zuio kwenye hati, yaani katazo la kuihamisha. Mkikuta la kaka, msipige kelele kabla ya kusoma vizuri. Sheria ya Usajili wa Ardhi inaruhusu msimamizi aandikishwe mahali pa marehemu, na hiyo ni hatua ya kawaida kabla ya kugawa, mradi imeandikwa kwamba ameingia kama msimamizi wa mirathi. Jina lake likisimama peke yake kama mmiliki, ombeni nakala ya waraka uliotumika kuhamisha, kwa sababu waraka huo ndio mtakaoubishia mahakamani. Kiwanja kisichokuwa na hati hakiwekewi zuio la Msajili. Hapo peleka barua ofisi ya mtaa na ya kata, wagonge muhuri kwenye nakala yenu, na dalali naye apewe ya kwake mkononi.

Jambo moja msilale nalo. Kesi ya kudai ardhi ina muda wa miaka 12, na kwa ardhi ambayo marehemu aliimiliki na kuikalia hadi kufa, hesabu huanza siku ya kifo, siyo siku ya uteuzi. Kwenu ukomo ni 2031.

Baba mdogo hataki kusaini muhtasari

*Mama amefariki. Tunataka kufungua mirathi, lakini baba mdogo amegoma kusaini muhtasari wa kikao cha ukoo mpaka apewe kiwanja kimoja. Tumekwama miezi saba.*

Hamjakwama. Muhtasari wa ukoo ni desturi inayoisaidia mahakama kujua familia imekaa na inamtaka nani. Sheria haikuufanya kuwa sharti la kufungua mirathi, na mahakama za juu zimelisema hilo zaidi ya mara moja. Kaeni watoto, andikeni muhtasari wenu, tajeni kwamba baba mdogo aliitwa akakataa, kisha pelekeni pamoja na cheti cha kifo. Mahakama itatoa tangazo. Ana pingamizi? Alilete huko na sababu zake. Kutaka kiwanja si sababu.

Tulifunga ndoa kanisani, wakwe wamekwenda Mahakama ya Mwanzo

*Mume wangu alikuwa Mkatoliki, tulifunga ndoa kanisani na tuna watoto watatu. Amefariki miezi mitano iliyopita. Ndugu zake wamefungua mirathi Mahakama ya Mwanzo wakisema itaamuliwa kimila. Wananiambia mjane harithi. Nyumba ya Dunda tulijenga wote.*

Pole sana, mama. Hapa unapaswa kwenda haraka.

Mji wetu una misikiti ya zamani na una misheni ya Wakatoliki ya tangu 1868, na nyumba nyingi zina watu wa dini zote mbili. Ndiyo maana swali la kwanza katika mirathi ya Bagamoyo huwa ni hili: marehemu anafuata sheria ipi? Mahakama ya Mwanzo ina uwezo pale tu mirathi inapofuata mila au sheria ya Kiislamu. Mirathi ya Mkristo aliyeishi Kikristo huenda Mahakama ya Wilaya, ya Hakimu Mkazi au Mahakama Kuu, kulingana na thamani ya mali.

Wakwe zako wanajua wanachokitafuta. Tamko la Sheria za Mila la mwaka 1963, Tangazo la Serikali Namba 436, lina kanuni inayomnyima mjane urithi na kumwacha atunzwe na watoto wake. Kanuni hiyo ni dhuluma, na tunaandika neno hilo kwa makusudi. Kwa Mkristo asiyeacha wosia hutumika sheria ya mwaka 1865 iliyoletwa kutoka India, na humo mjane mwenye watoto anapata theluthi moja, watoto wanagawana theluthi mbili sawasawa, wa kike kwa wa kiume.

Ubatizo peke yake hautoshi kulimaliza suala hili. Mahakama hupima maisha ya marehemu na nia yake. Kusanya cheti cha ndoa, cheti cha ubatizo wake na wa watoto, barua ya paroko kuhusu maisha na mazishi yake, na mashahidi wawili wasio ndugu zako. Weka pingamizi kwa maandishi kwamba mahakama hiyo haina mamlaka, kabla hakimu hajateua msimamizi. Akishateua, rufaa ya kwenda Mahakama ya Wilaya ina siku 30. Zikipita, unaweza kuiomba mahakama hiyo ilipitie jalada, lakini isizidi miezi 12.

Kuhusu nyumba, usianze kwa kudai urithi. Anza kwa kudai kilicho chako. Sehemu uliyochangia si mali ya marehemu hata kidogo, haiingii kwenye mgao. Leta risiti za saruji na mabati, taarifa ya mkopo, na fundi aliyekuwa akilipwa nawe. Kazi yako ya nyumbani nayo ni mchango unaohesabika.

Ekari sita Zinga, na wajukuu yatima

*Shikamooni. Mimi ni Mwislamu, nina miaka 74. Nina ekari sita za minazi na mihogo Zinga, nina karatasi ya mauziano tu. Nina mke mmoja, watoto wa kiume wawili na binti mmoja. Mwanangu wa kwanza alitangulia mbele ya haki akaacha watoto wawili. Nasikia wajukuu hao hawatapata kitu. Nifanyeje nikiwa hai?*

Marahaba, mzee wetu. Ulichosikia ni sahihi: mwana wa kiume aliye hai huwazuia watoto wa ndugu yake aliyefariki. Lakini dini hiyohiyo imekuachia mlango, nao ni wosia. Unaweza kuusia hadi theluthi moja ya mali inayobaki baada ya mazishi na madeni, kwa mtu asiye mrithi wako. Wajukuu hao si warithi, kwa hiyo wosia kwao unasimama. Kumuusia mwanao aliye hai ni jambo jingine, hapo lazima warithi wengine waridhie ukishafariki.

Tufanye hesabu ya shamba, tukichukulia huna deni, hakuna mali nyingine na wazazi wako hawako hai. Theluthi ya ekari sita ni ekari mbili za wajukuu. Zinabaki nne. Mke ana thumni, yaani sehemu moja ya nane, ambayo hapa ni nusu ekari. Zilizobaki tatu na nusu zigawe mafungu matano: kila wa kiume mawili, binti moja. Fungu ni ekari 0.7, basi kila mwana ana 1.4 na binti 0.7.

Uandike wosia, utie saini na tarehe, mbele ya mashahidi wawili au zaidi waliopo kwa pamoja, na anayefaidika asiwe shahidi. Usiandike "ekari mbili" ukaishia hapo. Andika upande gani wa shamba, zinaanzia mnazi upi hadi njia ipi, jirani ni nani. Ugomvi mwingi tunaouona kwenye mashamba ya pwani hauhusu haki ya mtu kupata, unahusu upande wa barabarani. Wosia unaweza kuuhifadhi RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini.

Njia ya pili ni hiba, yaani kuwapa ukiwa hai na mwenye afya. Ina nguzo tatu: utoe, wapokee, na uwakabidhi. Ya tatu ndiyo huangusha hiba nyingi. Mzee anasaini, kisha anaendelea kuangua nazi na kuuza kama zamani, karatasi ziko kwenye sanduku lake. Akifa, warithi wanasema hapakuwa na makabidhiano, nao wana hoja. Ukiwapa, waite majirani, pandeni mipaka, na mama yao aanze kuvuna kwa niaba ya watoto. Hiba ya kwenye maradhi ya mauti huhesabiwa kama wosia, hairuki theluthi.

Kuhusu karatasi ya mauziano, ulizia ofisi ya ardhi ya halmashauri kama eneo lako bado ni ardhi ya kijiji au limeingia kwenye upangaji wa mji. La kijiji utaomba hati ya hakimiliki ya kimila. Lililopangwa linapimwa na kutolewa hati miliki. Lifanye wewe mwenyewe, maana aliyekuuzia na mashahidi wake wakifa, watoto wako watashindana na watoto wake.

Tuuze mlango?

*Tumerithi nyumba ya Mji Mkongwe wa Bagamoyo, warithi tisa, wengine wako Unguja na mmoja Oman. Nyumba inaporomoka. Kuna mtu anataka kununua mlango wa nakshi peke yake kwa bei nzuri. Tuuze?*

Msiung'oe. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 inalinda milango na fremu za nakshi zilizochongwa kabla ya 1940, na majengo ya kabla ya 1863. Kuuza bila kufuata masharti yake, au kutoa nje ya nchi bila kibali, ni kosa, na warithi wanaweza kujikuta washtakiwa pamoja na mnunuzi. Onaneni kwanza na ofisi ya Mambo ya Kale hapo Bagamoyo, hata kwa ukarabati.

Tena, kabla ya msimamizi kuteuliwa, hakuna kati yenu tisa mwenye uwezo wa kuuza hata bawaba. Wa Oman si lazima aje. Atie saini hati ya uwakilishi ithibitishwe ubalozini, imtaje anayemwakilisha na mambo anayoruhusiwa. Asiandike "mambo yangu yote."

Shamba la wakfu Kaole

*Bibi wa babu aliweka shamba wakfu kwa msikiti. Vijana wanasema tugawane kwa kuwa msikiti hauvuni.*

Wakfu haurithiwi, hauuzwi, haugawanywi. Mali ilishatoka mikononi mwa ukoo. Kama hauvuni, tatizo ni wadhamini. Tafuteni waraka wa wakfu au wazee wanaoukumbuka, wachukuliwe maelezo kwa kiapo wangali hai, kisha msikiti uwe na bodi ya wadhamini iliyosajiliwa RITA ili shamba liandikwe kwa jina la bodi hiyo.

Majina mawili kwenye hati

*Tukiandika majina ya mke na mume kwenye hati, mmoja akifa inakuwaje?*

Inategemea maneno. Ikiandikwa umiliki wa pamoja, aliyebaki anachukua yote bila kusubiri mgao. Ikiandikwa umiliki wa hisa, sehemu ya marehemu inaingia kwenye mirathi. Muulizeni afisa ardhi imeandikwa ipi kabla ya kusaini. Na ninyi Waislamu zungumzeni kwanza na watoto wenu wakubwa na shehe mnayemwamini, kwa kuwa aina ya kwanza inaitoa nyumba nje ya mafungu ya warithi.