Meno mawili yenye ncha, na mwili usiotoka jasho

SWALI: Mwanangu wa kiume ana miaka miwili na nusu. Ana meno mawili tu, ya juu, yamechongoka kama msumari. Nywele zake ni chache, na akicheza juani ngozi inabaki kavu huku mwili unawaka. Bibi yake anasema ni kigego. Nilikula nini nikiwa na mimba? (Mama, Nachingwea)

JIBU: Hakuna ulichokula, mama. Na hilo neno kigego msimwite, litamkaa bure.

Jino huanza kiinitete kikiwa na wiki 6 hivi. Ngozi ya kinywani hunenepa kufuata mstari wa taya, ikaanza kupeana ishara na tishu laini iliyo chini yake. Ishara hizo ni protini za familia za FGF, BMP, WNT na SHH, zinazowasha au kuzima jeni za seli jirani. Kufikia wiki ya 8 pana chipukizi. Wiki ya 9 au 10 chipukizi linakuwa kama kofia, na katikati yake hujikusanya seli chache, ziitwazo fundo la enameli (enameli ni gamba gumu la nje la jino). Seli za fundo hazigawanyiki. Kazi yake ni kuzihimiza za pembeni zigawanyike, kisha lenyewe linakufa. Kwenye magego huja mafundo mengine, na vile vilima unavyovigusa kwa ulimi ndipo yalipokaa.

Kwa mwanao tunashuku imekosekana ishara nyingine, iitwayo EDA. Ikikosekana, machipukizi mengi hayaendelei, na yanayoendelea huwa na fundo dogo, hivyo jino linatoka na ncha moja. Ishara hiyohiyo ndiyo inayoanzisha mashina ya nywele na tezi za jasho. Ndiyo maana hayo matatu yamekuja pamoja. Jeni yake iko kwenye kromosomu X, ambayo mvulana anayo moja tu. Kama wewe umebeba jeni hiyo ikiwa na hitilafu, kila mtoto wa kiume ana nafasi nusu kwa nusu ya kuipata.

Joto ndilo la hatari, kuliko meno. Saa za jua kali akae kivulini, avae fulana iliyoloweshwa, anywe maji mara kwa mara. Joto lake likifika nyuzi 38 na kuendelea, na halishuki mkimpoza, mpelekeni kituo cha afya haraka, apimwe na malaria. Msiseme "ndivyo alivyo".

Hayo meno mawili yasing'olewe. Yanashikilia mfupa wa taya, na daktari wa meno, hospitali ya Sokoine mjini Lindi au ya Ligula Mtwara, anaweza kuyajazia yapate umbo. Aombwe pia picha ya eksirei ya taya, ionekane kama kuna machipukizi mengine. Meno ya bandia huanza akiwa na miaka 3 au 4, na hubadilishwa kadiri taya inavyokua.

SWALI: Mjukuu wangu wa miezi 7 anaharisha. Jirani anataka kumtoa "meno ya plastiki". (Bibi, Mtwara)

JIBU: Usikubali, bibi. Huo weupe ufizini, unaoitwa meno ya plastiki na kusingiziwa kuharisha, ni chipukizi la chonge ya utotoni, na chonge ya ukubwani inajengwa karibu yake. Kisu kinaweza kuziharibu zote mbili. Kuharisha kutibiwe kwa pakiti moja ya ORS ndani ya lita 1 ya maji safi, na zinki miligramu 20 kila siku kwa siku 10 hadi 14. Mkiona damu kwenye choo chake, macho yakididimia au akikataa kunyonya, apelekwe hospitali siku hiyohiyo.